Ito la Kompyuta

Mabinti zangu,

Mmeniomba niwaandikie namna ya kuchagua kompyuta yenye nguvu za kutosha kurekodia, kwa kuwa ile mliyonayo imeanza kukwama na mimi sipo tena hapo kuikaripia. Sawa. Tangu nistaafu nikawaachia kazi ya kurekodi harusi, sina la kufanya ila kugombana na paka wa jirani, kwa hivyo nitaandika. Ila nitaandika nitakavyo. Mkitaka kusomewa namba, kijana yeyote wa duka la Mombasa atawasomea mpaka mchoke, kisha mtarudi Amu na mashine isiyowafaa.

Mnazijua kanuni zangu mbili mlizokuwa mkizicheka. Ya kwanza, ito la kila kompyuta huzibwa kwa utepe mweusi. Kwa wale wenu mliokulia bara, ito ni jicho kwa Kiamu, lugha yetu ya Lamu, na ile kamera ndogo iliyo juu ya kioo, sisi wanawake wa hapa tumeiita ito tangu siku ya kwanza tulipoiona. Ya pili, hakuna kitu kinachowekwa juu ya kompyuta, hata tasbihi. Mlidhani ni ukali wa uzee. Na mmoja wenu, simtaji, alisema nyuma ya mlango kwamba Bi Shufaa ndiye yule aliyenunua kompyuta dhaifu akaupoteza wimbo wa Mwanaesha. Nilisikia. Kazi yangu ilikuwa kusikia, mwanangu.

Maneno hayo yamenifuata mjini miaka mingi, nami sikuyajibu kwa sababu niliombwa nisiyajibu. Sasa wenye jambo lao wote wawili wametangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu, na mimi nimechoka kulibeba peke yangu.

Mjomba wangu, Bwana Athman, alikuwa fundi wa redio pale Langoni. Alirekodi kanda za harusi, lakini za upande wa wanaume tu. Upande wa wanawake, ambako ndiko zilikokuwa nyimbo zenyewe, hakuweza kutia mguu. Siku moja alinikuta dukani nasugua kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti, akanitazama sana, akasema, "Shufaa, wewe ndiwe utakayeingia." Ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa harusi ya Pate. Niliingia chumba cha ndani na redio kaseti na mfuko wa betri, na wanawake waliokuwa wakiimba wakanyamaza wote, kama niliyeingia na mwanamume mkononi. Mama mmoja akauliza, "Na hiki kitasikizwa ni nani?"

"Bibi harusi," nikasema, "na mtakaowaruhusu nyinyi."

"Na huyo mjombako je?"

"Mjomba hataigusa kanda."

Alinipima juu mpaka chini, kisha akaanza kuimba. Niliporudi nikamweleza Bwana Athman ahadi niliyoitoa kwa kinywa chake bila idhini yake. Redio ilikuwa yake, kanda zilikuwa zake, hata betri. Alifungua kabati akatoa vitu vyake, akanipa ufunguo. "Basi hizo ni zako," akasema. "Mimi sizijui." Mtu huyo alinifundisha kila kitu: mahali pa kuweka maikrofoni katika chumba cha mawe na chokaa, namna ya kusikiliza mlio wa mashine yenyewe kabla ya kusikiliza mwimbaji, jinsi ya kukunja waya usivunjike ndani. Na mpaka anakufa hakuwahi kusikia hata wimbo mmoja niliorekodi. Kila nikikumbuka hilo naona uchungu, na naona fahari pia.

Nayaeleza haya ili mjue kompyuta yenu inatakiwa kufanya kazi gani. Sauti ya mwanamke wa hapa akiimba harusini ni ya wanawake wenzake. Watu wa studio za mijini wakizidiwa na kazi huituma mtandaoni ikafanyiwe na mashine za mbali. Sisi hatuna ruhusa hiyo. Kompyuta yetu haiunganishwi na mtandao, na ikiharibika haiendi kwa fundi mwanamume ikiwa na nyimbo ndani. Kwa hivyo nguvu zote inazozihitaji ije nazo yenyewe. Mkianza kwa swali hilo mtakuwa mmeshaondoa nusu ya mashine zilizo dukani.

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa lile sanduku kubwa la kusimama, na feni yake ilikuwa na kelele kama kinu cha kusagia. Katika chumba cha zulia na mapazia huenda usingeisikia. Katika nyumba za hapa, ukuta ni chokaa, dari ni boriti, kila mvumo hurudi mara mbili. Nilirekodi harusi nzima nikakuta nimerekodi feni, na kwa mbali wanawake. Halafu chumvi ya hewa ikaila ndani kwa ndani. Nilipoifungua niliona kutu imeota kwenye skrubu, nikaifunga tena nikasema innalillahi.

Kisha kukaja simu zenye kamera, na hapo kazi yetu ikaingia sumu.

Palikuwa na harusi Kizingitini. Bi Khadija wa Mkomani, mwanamke mzito, mwenye sauti na mwenye heshima zake, alicheza siku ile akiwa kichwa wazi, kwa kuwa chumbani walikuwa wanawake watupu. Mtu akamchukua kwa simu. Hatukumjua ni nani hata leo. Baada ya wiki, wanaume walikuwa wakionyeshana picha ile barazani, na kijana wa kuuza kahawa alithubutu kumchekea njiani. Mumewe hakumpigia kelele. Alinyamaza tu, akakaa kimya naye muda mrefu sana, na Bi Khadija hakuimba tena wala hakwenda harusi isiyokuwa ya ndugu wa damu. Alipokwenda, simu zote ziliachwa chini mlangoni, ndani ya kikapu, na kikapu alikishika yeye. Hakuna aliyembishia.

Mwanaesha alikuwa mdogo wake. Ndiye aliyekuwa mwimbaji wa vugo kuliko wote niliowasikia, na nimewasikia wengi. Nyinyi mmeona vugo kwenye maonyesho, ile pembe ya nyati inayogongwa kwa kijiti. Katika nyumba yao kulikuwa na wimbo mmoja usioimbwa popote ila siku ya kumtoa bibi harusi chumbani. Mama ndiye anayeuimba, anamwimbia bintiye, na wanawake wengine wanamwitikia kila baada ya mshororo. Na sharti lao lilikuwa moja: mama akiwa hai, hakuna wa kumpokonya wimbo ule. Si shangazi, si khalati, si nani. Akiwa amekufa, dada yake anaweza kuusimamia. Akiwa hai, ni yeye au hauimbwi.

Mwanaesha alikuwa na binti mmoja tu, Rukia, na alikuwa ameshachumbiwa.

Alikuja kwangu akiwa na sauti ya kukwaruza, nikadhani mafua. Akakaa, akavua ushungi, akanionyesha shingo. Uvimbe ulikuwa pembeni mwa koo, mgumu, umeng'aa. "Daktari wa Mombasa asema watanikata," akasema. "Wataondoa pahali pa sauti pote. Nitapumua kwa tundu, hapa. Nisipokatwa nakufa."

Akajifunika tena ushungi.

"Rukia anaolewa baada ya mfungo. Mimi nitakuwa hai, inshallah, na nitakuwa bubu. Unaelewa, Shufaa? Nitakuwa hai."

Nilielewa. Angekuwa hai, kwa hivyo hakuna wa kumwimbia mtoto wake. Bora angekufa, alitaka kusema, na hakusema kwa sababu alimcha Mungu. Alitaka nirekodi sauti yake ikiwa bado ipo, ije ichezwe siku ile. Daktari alikuwa amemkataza kuimba kabisa. Aliamini ana wimbo mmoja tu uliobaki kooni, na mimi nilivyomsikia niliamini pia.

Sasa ndio tunafika kwenye kompyuta.

Nilipiga hesabu ya kazi kabla ya kwenda dukani, na hivyo ndivyo mfanye nanyi. Mwanaesha asingeweza kuimba mara mbili mbili na kundi zima la wanawake likikosea na kuanza upya. Kwa hivyo ningerekodi pembe kwanza, halafu waitikiaji kidogo kidogo, kila mmoja kwenye traki yake, yaani mstari wake wa sauti, na pale pa mama niache nafasi tupu. Yeye angekuja mwisho, avae hedifoni, asikie wenzake, aimbe mara moja. Maana yake kompyuta icheze traki nyingi kwa pamoja, isafishe mwangwi wa kuta kwa vichujio vizito, na papo hapo imrekodi yeye bila kuchelewa. Mwimbaji akijisikia kwenye hedifoni amechelewa hata kidogo, anapotea. Kasi hiyo ni kazi ya prosesa, ubongo wa mashine. Memori ni kitu kingine, na dukani watu wakisema memori hawasemi kitu kimoja. Kijana atakwambia ina memori kubwa, kumbe anasema diski. Diski ni kabati la jikoni, unaweka vitu. Memori ni meza unayokatia vitunguu. Kabati likiwa kubwa na meza ni ya kitoto, hupiki karamu.

Kijana wa duka aliniletea laptopu nene, yenye taa za rangi chini ya vitufe. "Mamaa, hii ni noma. Vijana wa gemu wote wanabeba hii."

"Iwashe," nikasema. "Ifanyishe kazi." Feni zake zikaanza kunguruma. Nikamwambia airudishe alikoitoa.

"Sasa mamaa, kompyuta ya nguvu isiyo na feni wapi?"

Ilikuwepo. Nyembamba, mwili wa chuma, haina feni hata moja, joto lake hulitoa kupitia mwili wake wenyewe. Nilikuwa nimekuja na programu yangu na harusi ya zamani yenye traki nyingi kuliko nilizozihitaji. Nilikaa pale dukani kwenye stuli, wateja wananiruka, nikafungua kila kitu, nikatia vichujio vyote, nikaiacha icheze huku naitazama mita ya prosesa. Kijana alikula, akaswali, akarudi, bado nimekaa. Haikukatika, haikukwaruza. Niligusa mgongo wake, ulikuwa vuguvugu tu. Nikainunua. Na nyumbani niliijaribu tena, mara nyingi, nikiwa na waitikiaji wote chumbani. Naandika hili kwa mkono wangu mwenyewe na nikiwa na akili timamu: kompyuta ile ilikuwa na nguvu za kutosha.

Waitikiaji tuliwarekodi kwa siku kadhaa, nyumbani kwa Mwanaesha, orofani. Walikuja wakacheka, wakagombana nani yuko juu na nani yuko chini. Walipokuwa wakiitikia ile nafasi tupu, Mwanaesha alikaa kwenye kiti akitikisa midomo bila kutoa sauti, ili wajue pa kuingilia. Wakati ule sikulitilia maanani.

Yeye tulimrekodi asubuhi, na kesho yake alikuwa asafiri Mombasa kukatwa. Ulikuwa msimu wa joto kali. Tulifunga madirisha kuzuia punda na watoto, tukazima feni ya dari, chumba kikawa kama bafu. Simu zetu zilikuwa chini kwenye kikapu cha Bi Khadija, kwa sharti lake. Kompyuta niliiweka kwenye meza ya pembeni nyuma yangu, waya mrefu, mimi nikakaa nikimwelekea Mwanaesha uso kwa uso kwa kuwa aliniomba nimwangalie mkono. Akinyanyua mkono, nijue pumzi zimemshinda. Bi Khadija alikuwepo kumshika mgongo.

Kwa lile joto, na ushungi ulivyokuwa ukimbana kwenye uvimbe, Mwanaesha aliuvua. Akabaki kichwa wazi, shingo wazi, na ule uvimbe nje. Nikabonyeza kitufe, nikamgeukia, pembe ikaanza kwenye hedifoni. Bi Khadija akaondoka kwa ncha za vidole, nikajua anakwenda kuwanyamazisha watu wa uani. Sikugeuka kumtazama.

Mwanaesha akaimba. Sitajaribu kuieleza sauti ile. Ilikuwa imechanika pembeni, na pale ilipochanika ndipo ilipokuwa tamu. Akamaliza ubeti wa kwanza, waitikiaji wakamjibu. Akaingia wa pili. Katikati yake nikasikia mkwaruzo, mmoja, halafu mingi, halafu hedifoni zangu zikawa kimya.

Zake pia zilikuwa kimya. Nilimwona ananitazama. Hakunyanyua mkono. Alizivua hedifoni kwa mkono mmoja akaendelea kuimba, maana alijua akisimama hataanza tena. Nikageuka.

Kompyuta haikuonekana. Juu yake palikuwa na doti ya leso mpya, bado haijakatwa, imekunjwa mara nne, ile iliyonunuliwa kwa ajili ya kumtolea Rukia. Nikaivuta. Chuma cha kompyuta kilikuwa kama pasi, kioo kimeganda, programu imesimama na ujumbe wake wa kipumbavu kwamba mfumo umezidiwa. Mashine isiyo na feni, chumba cha joto, na leso mikunjo minne juu yake. Ingetoa joto wapi? Nilibonyeza, nikazima, nikawasha, na nyuma yangu Mwanaesha anaimba. Aliimba ubeti wa tatu, akaimba na wa nne. Kila mshororo alinyamaza pale pa waitikiaji, akawangoja watu ambao hawakuwepo, kisha akaendelea. Hakukuwa na simu ya kuchukua hata sekunde moja. Kompyuta ilipowaka alikuwa amemaliza, na ameshika leso yake mdomoni, na leso ina damu.

"Imeshika?" akaniuliza kwa mnong'ono.

"Ubeti wa kwanza. Na nusu ya wa pili."

"Kwa nini?"

Nikamnyanyulia ile doti. Aliitazama, akaitazama kompyuta, akalitazama lile ito juu ya kioo. Alifahamu kabla yangu.

"Dada amelifunika ito," akasema. "Alikuwa anisitiri mimi. Na shingo yangu hii."

Nilipandwa na hasira sijapata kuiona. Nikasema nitashuka chini nimwambie mbele ya watu alilolifanya, yeye na ito lake na kikapu chake. Nilikuwa nimeshasimama.

"Humwambii."

"Mwanaesha, huyu mwanamke ame—"

"Humwambii, Shufaa. Alishaonwa yeye, ndipo akawa hivi. Nikifa huko Mombasa ataishi na jambo hili, nikipona ataniangalia kila siku na jambo hili. Sema mashine yako haina nguvu."

"Na jina langu je?" Nilimuuliza hivyo mgonjwa, na siombi radhi, ndilo nililokuwa nalo.

"Jina lako lina nguvu kuliko mashine yako," akasema, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na hiyo ndiyo sauti ya mwisho niliyoisikia kutoka kwake.

Bi Khadija akaingia na kikombe cha asali na tangawizi. "Vipi?"

"Mashine imekwama," nikasema. "Nguvu zake hazikutosha."

"Subhanallah!" Akakiweka kikombe kwa kishindo. "Jambo zito kama hili, Shufaa, huulizi watu wanaojua kabla hujanunua?"

Nikaikunja ile doti nikampa.

Walimkata. Akapona, akarudi Amu na tundu shingoni lililofunikwa kitambaa cheupe, akipumua kwa mlio mdogo wa mluzi. Nikarudi kwenye ile kazi. Wapo waliosema niipeleke Mombasa, yuko fundi hodari wa kurekebisha. Kwanza ni mwanamume. Pili, kilichorekodiwa hurekebishwa, lakini ambacho hakikurekodiwa hakuna prosesa duniani itakayokitoa hewani. Wanawake wa mji wakachanga wakaninunulia kompyuta nyingine, kubwa, wakaniletea kwa huruma, kama mtu anayemletea fimbo kipofu. Ndiyo hiyo inayowasumbua sasa. Bi Khadija ndiye aliyekusanya mchango. Nilimchukia, mabinti. Nilikutana naye njiani nikamwamkia kwa heshima zote, na moyoni namchukia, na yeye ananihurumia.

Basi mkienda dukani nendeni na kazi yenu ngumu kuliko zote, mkae nayo pale mpaka mashine itoke jasho. Prosesa kwanza, memori ya pili, diski mtanunua hata baadaye. Mkichukua yenye feni, iwekeni chumba cha pili na waya mrefu, mwachieni mtu wa kuitazama. Mkichukua isiyo na feni, ipeni hewa. Na ito lizibeni kwa utepe mbele ya wanawake wote, kabla ya kufungua maikrofoni. Msilizibe nyumbani mkaja nalo limezibwa. Wawaone mnaliziba.

Zimebaki habari za harusi.

Nilikuwa nimeandaa mwisho wa heshima: ubeti wa kwanza ukamilike, waitikiaji wajibu, pembe ishuke polepole, kwisha. Nilimpelekea Mwanaesha asikilize. Alisikiliza mpaka pale, akatikisa kichwa. Akaonyesha kidole kwenye kioo, kwenye zile traki za waitikiaji zilizoendelea baada ya sauti yake kukatika, akazungusha mkono: ziendelee. Nikamwambia, "Watakuwa wanaitikia hewa, Mwanaesha. Itakuwa aibu." Akauzungusha mkono tena. Mgonjwa wa namna ile hubishani naye, nikaacha kama alivyotaka.

Siku ya kumtoa Rukia, baada ya alasiri, chumba kilijaa mpaka ngazini. Rukia alisimamishwa katikati, amefunikwa ile doti, sasa imeshakatwa na kupindwa. Mama yake akasimama mbele yake, ameshika pembe na kijiti. Nikabonyeza. Sauti ya Mwanaesha ikatoka ile ya zamani, nzima, na Rukia akaanza kulia chini ya leso. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukaanza, ukafika katikati, ukakwaruza, ukakatika.

Pembe kwenye spika ikaendelea peke yake. Watu wakaangaliana. Bi Khadija alikuwa amesimama karibu nami, akanigeukia na macho yamejaa machozi, akasema kwa sauti ya kusikika na chumba kizima, "Si nilikwambia, Shufaa? Si nilikwambia ununue mashine ya maana?"

Mwanaesha alikuwa ananitazama mimi. Alinitazama hivyo hivyo kama siku ile. Nikauma ulimi.

Kisha akamgeukia bintiye, akaanza kutikisa midomo. Hapakuwa na sauti, ila ule mluzi wa shingoni, na kijiti chake kwenye pembe. Mshororo ukaisha midomoni mwake, akafunga mdomo, na wanawake walio ndani ya kompyuta wakamwitikia. Walimwitikia pale pale, bila kuwahi wala kuchelewa. Akaendelea, wakamwitikia tena. Wale walio chumbani, ambao baadhi yao ndio walikuwa ndani ya kompyuta, wakafahamu, wakaanza kuitikia pamoja na sauti zao wenyewe. Ubeti wa pili, wa tatu, wa nne. Rukia aliifunua leso usoni ili amwone mama yake mdomo.

Waitikiaji walipojibu mara ya mwisho, midomo ya Mwanaesha ilikuwa ingali inatikisika, na hakuna aliyepiga kigelegele. Tulikuwa hatujui kama umekwisha. Maneno yake yalijulikana na watu wawili tu, yeye na dada yake, na mmoja hana sauti. Tukangoja. Bi Khadija alikuwa akiutazama mdomo wa mdogo wake, na yeye midomo inamcheza, mpaka neno la mwisho, na ndiye aliyeanza vigelegele.